Ramli ya Vioo

Wako watunzi vijana, na pamoja nao baadhi ya walimu wao, wadaio kwamba mchezo wa upelelezi wa Kiswahili hautasimama mbele ya ule wa ng'ambo mpaka upate chumba cha uchunguzi kama kile cha Las Vegas: kuta za vioo, taa za rangi ya buluu, mitambo ing'aayo, na mtaalamu mmoja ajuaye kila kitu. Dai hilo husikika katika vyuo vya Iringa na Mbeya kila yanapozungumzwa mambo ya tamthilia ya televisheni, na husemwa kwa majonzi, kana kwamba umaskini wa mapambo ndio umaskini wa sanaa. Dai hilo ni kosa. Tena ni kosa lenye madhara, na madhara yake hayakomei katika sanaa.

Mchezo ulioueneza mtindo huu duniani ni CSI: Crime Scene Investigation, uliobuniwa na Anthony Zuiker na kuonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 2000. Ulidumu misimu 15, ukazaa ndugu zake wa Miami mwaka 2002 na wa New York mwaka 2004, na mwaka 2021 jina lake likafufuliwa kwa misimu mingine mitatu. Haukuwa wa kwanza wa aina yake. Quincy, daktari wa maiti wa Los Angeles, alionekana katika televisheni tangu 1976, na Waingereza wamekuwa na Silent Witness tangu 1996. Lakini Quincy alifanya kazi katika chumba cheupe chenye meza na makabati, kama vilivyo vyumba vingine vya hospitali. CSI ndiyo iliyozima taa.

Yafaa jambo la taa litazamwe kwa makini, maana katika mapambo yote ya mchezo ule hilo ndilo kubwa. Mpelelezi huingia nyumba yenye maiti, naye hanyoshi mkono kuwasha taa ya ukutani. Hutembea na kurunzi, akimulika hapa tone la damu na pale unywele. Kukipambazuka, bado hafungui dirisha. Maabarani ni vivyo hivyo: giza limetanda, meza zawaka kutoka chini, chupa za maji ya rangi zimepangwa nyuma ya vioo, na nyuso za wachezaji ni nusu mwanga na nusu kivuli. Mkemia wa kweli akionyeshwa chumba hicho atauliza swali moja tu: huyu asomaje kibandiko cha chupa? Kazi yake yataka mwanga mweupe, wa kutosha, usiobadili rangi ya kitu. Basi giza lile halikuwekwa kwa ajili ya kazi. Limewekwa kwa ajili ya mtazamaji, ili aogope kidogo na kustaajabu sana. Na mtu aliyeshikwa na mshangao hana nafasi ya kuuliza.

Kamera nayo ina dhambi yake. Hufuata risasi ndani ya mwili, ikapita baina ya mbavu na kutoboa pafu, kana kwamba palikuwa na jicho mle ndani lililoona yote yalipotokea. Mtazamaji hudhani ameona tendo. Kumbe ameonyeshwa dhana ya mtu mmoja, iliyotiwa rangi na mwendo.

Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini chumba cha namna hiyo si kigeni hata kidogo. Ni kilinge. Mna giza, mna vyombo visivyojulikana kazi yake ila na mwenyewe, mna maneno ya siri ambayo msikilizaji hayaelewi na haombwi ayaelewe, na mwisho wa usiku hutajwa jina la mtu. Mwenye kutajwa hana la kujibu. Katika mchezo wa Las Vegas huonyeshwa karatasi iliyotoka mashineni, akainamisha kichwa, akakiri. Katika kilinge huonyeshwa kioo au pembe, na asipokiri majirani humkiria. Tofauti iliyopo ni kwamba mpiga ramli ana kioo kimoja na wale wana vioo mia. (Hapa hasemwi mganga wa miti shamba, ambaye kazi yake ni kutibu, na wengi wamepona mikononi mwake. Asemwaye ni mpiga ramli.)

Mtu wa Dar es Salaam aweza kucheka akisikia ulinganifu huu. Mtu wa Mbeya hatacheka. Katika Mbeya, Songwe na Rukwa wapo watu waitwao lambalamba, ambao hupita vijijini wakidai kufichua wachawi; na dola imelazimika kutunga jina mahususi la kazi yao, ramli chonganishi, na kuwakamata mara kwa mara. Sheria ya Uchawi ilitungwa tangu mwaka 1928, na karibu karne nzima baadaye bado ina kazi ya kufanya. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchi nzima ilitetemeka kwa habari za watoto waliouawa mkoani Njombe, mauaji yaliyohusishwa na imani za ushirikina. Katika nchi ya namna hiyo, swali la namna gani mkosaji ajulikane si la kupitishia jioni. Wako vikongwe waliofukuzwa majumbani mwao, na wengine waliouawa, kwa sababu mtu mmoja aliyeaminiwa kuwa na chombo cha kujua alitaja jina, na hapakutokea wa kumwambia: tuonyeshe ulivyojua.

Sasa aje mtunzi msomi, mwenye shahada, aufundishe umma huo huo kwamba njia ya kweli ya kujua ni kumwamini mwenye chombo kilicho kikubwa zaidi. Atadhani ameipeleka sayansi kijijini. Atakuwa amempelekea lambalamba koti jeupe.

Yafuatayo ni ya wahusika. Gil Grissom, mkuu wa zamu ya usiku katika mchezo wa Las Vegas, ni mtaalamu wa wadudu. Lakini pia huokota ushahidi, husimama penye meza ya maiti, huhoji watuhumiwa, na hutoa hitimisho. Horatio Caine wa Miami huvaa miwani yake ya jua, akatamka sentensi moja iliyonyolewa vizuri, na mambo yakawa yamekwisha. Abby Sciuto katika mchezo wa NCIS, ulioanza mwaka 2003, hufanya peke yake kazi ya kemia, ya risasi, ya alama za vidole na ya kompyuta, katika chumba kimoja, kwa alasiri moja, huku muziki ukivuma. Hawa si wahusika. Ni mizimu yenye vyeti. Mhusika ni mtu awezaye kukosea mbele ya macho ya watu na kulipia kosa lake. Na asiyekosea hana tamthilia, kwa kuwa hana cha kupoteza.

Linganisha na watu ambao kazi hiyo huwapitia kwa kweli katika mji kama Mbeya. Mwananchi aliyepigwa au kubakwa huanza katika kaunta ya kituo cha polisi, akaandikiwa namba ya RB na kupewa ile fomu ijulikanayo na kila mtu Tanzania, PF3. Hana budi kuibeba yeye mwenyewe, au ndugu yake, hadi hospitali. Daktari huijaza, mara nyingi akiwa amesimama na foleni ikimngoja. Kama pana kitu cha kupimwa, hutiwa katika chombo, kikafungwa kwa lakiri, kikatiwa sahihi, kikapewa askari, askari akakikabidhi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya. Huko hupokelewa na mtu mwingine, hupewa namba nyingine, na hupimwa na mwingine tena. Katika njia hiyo kila mkono huacha jina lake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu ya mwaka 2009 ambayo mawakili huitaja hadi leo, ilieleza kwamba safari ya kielelezo tangu kinapokamatwa hadi kinapofika mbele ya hakimu haina budi kuandikwa hatua kwa hatua. Pakikosekana karatasi moja, kielelezo chaweza kuanguka, hata kiwe cha kweli namna gani.

Hapo ndipo mtunzi angepata mchezo wake! Askari aliyesahau kutia sahihi kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Karani aliyepokea kasha saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa na kuandika tarehe ya Jumatatu. Msichana anayengojea, na kila mwezi huambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Hakuna hata mmoja wao ahitajiye taa ya buluu. Wanahitaji meza ya mbao, daftari lililochakaa pembeni, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe, na benchi refu ukutani lililong'arishwa na nguo za waliokaa kungoja.

Na yuko mhusika mmoja ambaye michezo ile humkata ulimi kabisa, naye ni mshitakiwa mwenye haki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yasema kwamba ripoti ya daktari yaweza kupokewa mahakamani, lakini mshitakiwa sharti aambiwe haki yake ya kutaka daktari mwenyewe aitwe aulizwe. Ni haki kubwa mno, kupita inavyoonekana. Maana yake ni kwamba katika Jamhuri hii mkulima wa Rungwe, asiyejua kusoma, aweza kusimama kizimbani na kusema: karatasi hii siijibu, nileteeni aliyeiandika. Hakuna kilinge duniani kinachotoa ruhusa hiyo. Na katika Las Vegas ya televisheni ni nadra sana kumwona Grissom akisimamishwa na wakili na kuulizwa alipataje hesabu yake, na akishindwa itakuwaje. Mchezo hukoma penye kuungama. Mahakama, ambayo ndiyo jukwaa lenyewe la sayansi hii, hutupwa nje ya pazia kama kitu cha kuchosha.

Wamarekani wenyewe wameanza kuyaona haya. Waendesha mashtaka na mahakimu wa huko wamelalamika kwa miaka mingi kwamba watu wa baraza hudai mahakamani miujiza waliyoiona usiku katika televisheni. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo kilitoa ripoti nzito juu ya uchunguzi wa jinai, kikasema kwamba, ukiondoa kipimo cha vinasaba, hapakuwa na njia iliyothibitishwa kwa ukamilifu kuwa yaweza daima, na kwa yakini kubwa, kuunganisha kielelezo na mtu mmoja mahususi. Nywele, alama za meno, nyayo: yote yaliyokuwa yakimulikwa kwa kurunzi tangu 2000 yalipewa onyo. Mchezo haukutetereka. Uliendelea miaka sita mingine kwa giza lile lile.

Lakini hakuna haja ya kwenda Marekani kutafuta hoja, maana hoja iliyo kubwa kuliko zote i katika kabati la kioo umbali wa kilomita 15 hivi kutoka mjini Iringa, katika kijiji cha Kalenga. Ni fuvu la kichwa. Laitwa fuvu la Mtwa Mkwawa.

Habari zake zajulikana kwa mstari wake mkuu. Mkwawa alilivunja jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ikachukuliwa na Wajerumani mwaka 1894. Akapigana vita vya msituni miaka minne. Na tarehe 19 Julai 1898, alipozungukwa, akajiua kwa bunduki yake. Sajini Merkl, aliyekuwa akimwandama, aliamuru kichwa kikatwe, akakipeleka Iringa kwa Kapteni Tom von Prince. Kiwiliwili kilibaki Mlambalasi. Kichwa kikaenda kisikojulikana sawasawa, na wenye mamlaka wa Kijerumani hawakuacha maelezo yanayokubaliana juu ya njia kilikopita. Angalia basi: kielelezo cha kwanza kikubwa cha jinai katika Nyanda za Juu Kusini kilipotea mikononi mwa dola iliyokuwa na madaftari mengi, mizani na madaktari. Ile maabara ya serikali iliyo asili ya Mkemia Mkuu hujihesabia mwanzo wake mwaka 1895, miaka mitatu kabla ya kifo hicho. Vyombo havikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kutia sahihi.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen. Huko, kama ilivyosimuliwa baadaye, palikuwa na mafuvu elfu mbili hivi, na 84 katika hayo yalitoka katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakapimwa urefu na upana. Yakatengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribia vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Basi. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana alilikabidhi Kalenga, mbele ya umati wa Wahehe, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Mtunzi wa Las Vegas angelipata fuvu hilo katika dakika arobaini, na muziki. Lakini chunguza kilichofanyika Bremen. Kupima upana wa kichwa dhidi ya urefu wake ni kipimo kinachoweza kusema kwamba fuvu hili lafanana na vichwa vya watu fulani. Hakiwezi kusema ni la nani. Tundu la risasi katika fuvu lililotoka nchi iliyopigwa vita mfululizo si anwani ya mtu mmoja. Mwaka huo huo wa 1953 ndio ambao Watson na Crick walieleza umbo la chembe inayobeba urithi wa mwanadamu, na kipimo cha vinasaba kilikuwa bado kiko mbali zaidi ya miaka thelathini. Twining hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa na njia ya kuchagua. Naye hakuwa mtu wa pembeni asiye na haja: Kenya ilikuwa imetangazwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilihitaji watu wenye heshima ya vita wawe upande wake. Mpimaji, hakimu na mfaidika walikuwa mtu mmoja. Je, huyo si Grissom? Si Caine? Ndiye mhusika yule yule ajuaye yote, ila amevaa kofia yenye manyoya ya gavana.

Wanachuoni wa Ujerumani na wa Tanzania wameandika kwa shaka juu ya fuvu hilo, na makala iliyochapishwa na watatu wao mwaka 2020 yaonyesha jinsi siasa na vipimo vilivyoshikana mikono katika kurudishwa kwake. Shaka hiyo haimvunjii Mkwawa heshima, wala haiwavunjii heshima Wahehe waliolipokea kwa machozi. Waliopokea walikuwa wakirudishiwa kitu kikubwa kuliko mfupa. Lakini mwandishi wa tamthilia si mwenye kupokea. Kazi yake ni kusimama Bremen, penye meza, na kumtazama mkono mwenye utepe wa kupimia.

Wala isidhaniwe kwamba hapa yasemwa sayansi haina faida. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba, katika utafiti wa mabaki ya watu 1,100 hivi yaliyochukuliwa Afrika Mashariki zama za ukoloni, kipimo cha vinasaba kilimtambua Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, kwa kulinganishwa na kizazi chake kilicho hai. Ni kazi tukufu. Lakini ilikamilika kwa sababu watu walikubali kutoa mate yao, kwa sababu majina ya kale yalitafutwa katika madaftari, na kwa sababu wachunguzi walithubutu kusema wasichokipata. Maana kichwa cha Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Machi 1900, ambacho ndicho kilichotafutwa kwa hamu kuliko vyote, hakikupatikana. Mchezo wa Las Vegas ungelilificha neno hilo "hakikupatikana". Katika sayansi ndilo neno lenye thamani kubwa, kwa kuwa ndilo linaloyapa maneno mengine uzito.

Upo mfano mwingine wa Iringa, wa karibu zaidi, na wenye uchungu. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, akiwa kazini, katikati ya askari. Picha zilizopigwa na mwenzake zilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaona alivyozingirwa. Kama vitu vingelikuwa vyajisemea vyenyewe, kesi ingelikwisha juma lile lile. Haikuwa hivyo. Hukumu ilitolewa na Mahakama Kuu Iringa mwezi Julai 2016, karibu miaka minne baadaye: askari mmoja alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Picha ilionwa na mamilioni; maana yake ikabishaniwa na watu wachache chumbani, kwa miaka. Nani alishika nini, nani aliamuru, mkono upi ni wa nani: hayo hayakusomeka juu ya karatasi kama bei ya sukari. Mtu aweza kuiona hukumu hiyo kuwa ya haki au pungufu. Lakini hawezi kusema kwamba chombo kilihukumu.

Watetezi wa mtindo wa vioo wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba michezo hiyo imewapendezesha vijana, hasa wasichana, masomo ya kemia na biolojia. Hilo yamkini ni kweli, nalo ni jema. Lakini msichana aliyeipenda kemia kwa ajili ya taa ya buluu ana siku ngumu inayomngoja katika maabara yenye taa nyeupe. La pili ni kwamba mchezo ni mchezo tu, na mtazamaji anajua. Jibu hili hutolewa mara nyingi na watu ambao, kwa upande wa pili wa mdomo, hudai ruzuku kwa kuwa sanaa hujenga taifa. Wachague moja.

Mkopo wenyewe si aibu. Muhammed Said Abdulla alimkopa Sherlock Holmes kutoka London, akamfanya Bwana Msa wa Unguja, na hata kiko akamwachia mdomoni. Lakini ona alivyotengeneza mahali. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, maiti yaonekana penye mzimu, mahali pa kuogopwa, na watu wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wametenda. Kazi yote ya Bwana Msa ni kuutoa mzimu ule gizani: kuuliza, kuketi, kusikiliza, kuvuta kiko, kuuliza tena, mpaka mkono uonekane kuwa ni mkono wa binadamu. Abdulla aliuchukua mzimu akauingiza mchana. CSI imeichukua maabara ikaiingiza mzimuni. Na vijana wa leo, wenye urithi wa yule wa kwanza, wanataka kumfuata wa pili, tena kwa gharama ya vioo!

Wakitaka mandhari, Nyanda za Juu Kusini hazijawanyima. Uko ukungu wa Juni juu ya mlima Loleza, wakati ambapo mtu humtambua mwenzake kwa kikohozi kabla ya uso. Iko barabara kuu ya Zambia na malori yake, ambamo mashahidi huja leo na kesho wako Tunduma. Viko vyumba vya maiti ambamo ndugu hukaa nje na khanga wakingoja karatasi. Katika mandhari hayo kila kitu kina mwenyewe wa kuulizwa.

Na aanzaye na Kalenga hatahitaji mengi. Atahitaji meza ndefu, mafuvu 84 ya udongo wa mfinyanzi, utepe wa kupimia, taa moja nyeupe isiyozimwa tangu mwanzo hadi mwisho, Gavana mwenye haraka, mtunza makumbusho wa Kijerumani ambaye nchi yake imeshindwa vita mara mbili na hapendi kubishana, na karani mmoja pembeni mwenye daftari. Yote hayo yaingia katika ukumbi wa chuo kile kile cha Iringa kiitwacho kwa jina la Mkwawa. Onyesho la kwanza laweza kuwa la karani. Gavana amenyosha kidole, amesema ni hili. Karani ameinua kalamu, na kabla hajaandika anauliza, kwa adabu, mheshimiwa, katika safu ya "limethibitishwaje" niandike nini.